Nilichomoa Tele Kabla ya Penalti

Mpendwa mshauri Mama Domitille,

Naomba msaada, na naomba pia, kama utaisoma barua hii redioni, uisome siku ambayo umeme umekatika kwetu Ndosho ili Papa asisikie, ingawa najua redio yake ni ya betri na kwa hiyo atasikia tu.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane, nimemaliza shule mwaka huu, nimesomea ualimu, mimi ambaye nikiulizwa jina langu darasani nilikuwa naangalia viatu vyangu kana kwamba limeandikwa pale. Nakueleza hivyo ujue kwamba mimi si mtu wa kelele. Nikipanda moto, pikipiki ya abiria, kutoka sokoni naweza kupitishwa nyumbani kwetu mpaka karibu na Mugunga kwa sababu naona haya kumwambia dereva kwamba tumefika, halafu narudi kwa miguu na kumwambia Mama kwamba nilitaka kunyoosha mwili. Lakini kuna kitu kimoja duniani kinachonifanya nipige kelele, nacho ni umeme.

Ilianza mwaka wa volkano, 2021, nilipokuwa bado mdogo, siku ile watu wote walipoambiwa watoke mjini, nasi tukakimbia kwa miguu mpaka Sake tukiwa na magodoro na sufuria, na hakuna aliyekumbuka kuchomoa kitu chochote ukutani, nani angekumbuka, na tuliporudi nyumba ilikuwa imesimama, Mungu asifiwe, lakini tele, televisheni yetu, ilikuwa imekufa, na redio kubwa ya Papa imekufa, kwa sababu umeme ulikuwa umerudi kabla yetu na ukaingia kwa nguvu nyumba ikiwa tupu. Papa aliitazama ile redio kama mtu anayetazama maiti ya rafiki. Mimi nikajiambia kwamba kwetu hakitaungua kitu tena.

Basi nikajifunza kazi, au nilidhani nimejifunza. Unajua jinsi mtaa unavyofanya, Mama Domitille. Umeme ukienda, watu wanasema "aaah" kwa uchovu, kila mtu kwake. Lakini ukirudi, mtaa mzima unapiga kelele pamoja, "Eeeeeh!", wakubwa na wadogo, hata wagonjwa. Mimi nikisikia tu ile "Eeeeeh!" nakimbia, popote nilipo, naruka mabeseni, naingia sebuleni na kuvuta kutoka kwenye prizi ya ukutani ralonji, ile waya ndefu yenye matundu mengi ambayo imebeba tele, dekoda na simu za watu wote, kisha nakwenda kwenye kongelateri ya Mama, ile anayogandishia juisi ya tangawizi ya kuuza, naichomoa nayo, halafu nasimama katikati ya nyumba mikono imenyooshwa nikisema "mungoje, mungoje" mpaka niridhike. Mwaka huu vita ilipoingia mjini mwezi wa kwanza, umeme ulikatika siku nyingi, na siku uliporudi nilikimbia hivyo hivyo, majirani wakaunguza vitu, sisi hatukuunguza hata taa. Kuanzia siku ile nikajiona mtu wa maana. Nyumbani wakanipa jina, Dijonkteri, kama kile kidude cha ukutani kinachoruka chenyewe na kukata umeme, na badala ya kukasirika mimi nikafurahi, unaona akili yangu ilivyo.

Sasa nije kwenye aibu yenyewe.

Dada yangu Alima ana mchumba, anaitwa Rachid, kijana mzuri, anamsalimia hata paka wetu. Baba yake Rachid amekufa, kwa hiyo anayemsimamia ni baba yake mkubwa, Muzee Abdoul, anayekaa Kituku na kupakia mizigo kwenye maboti pale, mtu mrefu mwenye kofia nyeupe na sauti ya kuitia boti lililokwisha ondoka. Walikwisha leta posa, na siku hiyo walikuja kusikia jibu na kupanga siku ya mahari. Muzee Abdoul mwenyewe ndiye aliyechagua siku, na ikawa siku ambayo Leopa, timu yetu ya taifa, wanacheza, Papa akasema si kitu, tutaongea huku mpira unaendelea.

Walipofika nilitakiwa kuwasalimia, nikasalimia ndani ya tumbo langu, hakuna aliyesikia. Nikaweka maji ya kunawa nikakimbilia uani kwenye sufuria za chai. Kwa hiyo mpaka wakati ule wageni walikuwa hawajasikia sauti yangu hata mara moja. Nilikuwa nawasikia wao tu, dirisha lilikuwa wazi. Muzee Abdoul alikuwa anasema, "Miye tangu hii vita, umeme uliporudi uliniulia frigo na tele siku moja. Sasa mupira naangalia kwa masikio." Wakacheka. Papa akasema, "Hapa angalia kwa macho, Muzee, hapa ni kwako." Nilisikia raha, Mama Domitille. Nilijua tele hiyo iko hai kwa ajili yangu.

Mpira ukaenda mpaka mwisho bila bao, na mwishoni kabisa Leopa wakapata penalti. Mimi niko uani nimeshika sinia lenye vikombe.

Lazima nikueleze jambo moja kuhusu jirani yetu Papa Laurent. Tele yake ina antena ya kawaida na yetu ina dekoda, sijui ni kwa nini lakini yake inatangulia ya kwetu kidogo, habari zote tunazisikia mara mbili, kwanza ukutani kwake, halafu kwetu. Nalijua jambo hilo miaka yote. Ninalijua hata sasa ninapoandika. Lakini siku ile, kwenye tele yetu mpigaji alikuwa bado anaweka mpira chini wakati kwenye ya Papa Laurent alikuwa amekwisha piga, na mtaa mzima, wote wenye antena, ukasema, "Eeeeeeeeh!"

Miguu yangu haikuniuliza kitu. Niliweka sinia juu ya kuku, yaani kuku alikuwa amekaa pale nikaliweka, nikaingia ndani kama mwizi anayefukuzwa, nikapita kati ya Muzee Abdoul na tele, nikashika ile ralonji na kuivuta kwa nguvu zangu zote mpaka ikatoa cheche, na kioo kikawa cheusi. Kisha nikageuka, nikanyoosha mikono, na kuwaambia wakwe wa dada yangu maneno ya kwanza waliyowahi kuyasikia kutoka kinywani mwangu:

"Hakuna mutu aguse prizi! Mungoje! Umeme ya kwanza ni mubaya!"

Muzee Abdoul alikuwa amesimama, mikono yote miwili iko juu, mdomo wazi. Alibaki hivyo.

Alima ndiye aliyepata sauti kwanza. "Weye! Ni penalti! Ni PENALTI!"

Mama akasema, "Mungu wangu, huyu ni mutoto wa nani?" kana kwamba hanijui.

Papa hakupiga kelele, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Aliniuliza polepole, "Umeme umerudi?"

Nikasema, "Ndiyo, Papa, nimesikia watu."

Akasema, "Umeme ulikuwa umeenda wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Mtu mwenye akili, mtu aliyemaliza shule, angejiuliza uani kwamba kama tele inaongea na mimi naisikia, umeme unarudi kutoka wapi? Nilichomeka tena, lakini dekoda ikaanza kutafuta, unajua inavyotafuta, na wakati inatafuta Papa Laurent akapanda juu ya ukuta akaita, "Mumeona ile? Mumeona vile amemudanganya kipa?" Picha iliporudi wachezaji walikuwa wanapeana mikono na kubadilishana jezi.

Walikunywa chai. Nilisikia hata sukari ikikorogwa, Mama Domitille. Hakuna aliyetaja siku ya mahari. Mlangoni Muzee Abdoul aligeuka, akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni, akatikisa kichwa na kusema, "Kwetu hatuna mutu kama huyu." Wakaenda.

Tangu siku ile hawajarudi. Wiki zinapita. Papa anasema upande wa binti haukimbilii posa, akienda kuwauliza itaonekana tunamtembeza Alima kama bidhaa, na Mama anasema vivyo hivyo, na nadhani na wao kule wanangoja tuwaite. Rachid alikuja mara moja, amekonda, akasema baba yake mkubwa hataki kusema kitu isipokuwa ameuliza, "Yule mutoto wa prizi angali anakaa pale?" Papa akasema, "Munasikia? Anataka kujua kama bado tuko na kichaa ndani." Alima analia usiku akigeukia ukuta, na kitanda ni kimoja, kwa hiyo analia akinipa mgongo. Hajaniambia neno tangu siku ile, isipokuwa "sogea."

Na Papa amenikataza kugusa prizi yoyote. Sasa kila kitu kinakaa kimechomekwa usiku na mchana. Juzi umeme ulirudi, taa ya sebuleni ikawa nyeupe kama jua kisha ikapasuka, na mimi nimekaa nimekalia mikono yangu, ninaitazama kongelateri ya Mama.

Nifanye nini? Nitii tu, niache vitu viungue, labda Mungu atasema inatosha? Au niende kwa Rachid nimwambie mimi nitahamia kwa shangazi yangu Umi, wafunge ndoa wakiwa salama bila mimi? Nisaidie, nimevunja nyumba ambayo haijajengwa.

Ni mimi,
Dijonkteri wa Ndosho

*

Dijonkteri, binti yangu,

Nimecheka. Uliniomba barua isomwe siku ya giza, hukuniomba nisicheke, na yule kuku peke yake alinichukua dakika nzima. Sasa nimefuta macho, tuongee.

Kwanza nitakugombeza, kwa sababu unastahili, lakini si kwa penalti. Nakugombeza kwa miaka yote ile uliyokimbia ovyo. Hebu fikiri. Kelele ya mtaa inaanza lini? Inaanza watu wanapoona taa zimewaka. Na taa zikiwaka, umeme umekwisha ingia ndani ya nyumba, umekwisha pita kwenye waya, na kama ulikuja na nguvu mbaya, umekwisha fanya ubaya wake wewe ukiwa bado unaruka beseni. Hukuiokoa kongelateri mwezi wa kwanza. Ilikuwa bahati, nawe ukajipa sifa ya bahati. Kitu kinachomolewa umeme unapokwenda, mwanangu, si unaporudi. Wakati wa ile "aaah" ya uchovu, ambayo wewe huiheshimu, ndipo unapotembea polepole, bila kupiga mtu kelele, unazima kitu kwa swichi yake, kisha unakichomoa kwa kushika kichwa cha waya. Usivute waya kama mkia wa mbuzi. Zile cheche ulizoziona siku ile zinaweza kuua kifaa, na zinaweza kukuua wewe ukiwa na maji mikononi.

Halafu mnaacha taa moja tu ya ukutani ikiwa imewashwa, mahali mnapoiona wote. Hiyo ndiyo itakayowaambia umeme umerudi. Ikiwaka, mnaitazama. Ikicheza, ikififia, ikiwa nyeupe kupita kawaida, hakuna kinachochomekwa. Ikitulia kwa muda wa kuchemsha chai, mnarudisha kimoja kimoja. Kongelateri ipeni muda zaidi, moyo wake hautaki kuamshwa mara mbili mbili. Ile taa iliyopasuka juzi, nunueni nyingine leo, kwa sababu ndiyo iliyofanya kazi yake na kufa.

Mama yako anaishi kwa kongelateri, basi aipatie regulateri yake peke yake, kile kifaa cha kusawazisha umeme, ile inayongoja kidogo kabla ya kupitisha umeme, na yenye nguvu inayolingana na kongelateri, si ile ndogo ya tele. Aijaribu dukani kabla ya kulipa. Na msidanganyike na ralonji yenye kitaa chekundu. Kile kitaa kinang'aa tu, hakilindi kitu. Mwite fundi umeme apime pia waya unaokwenda ardhini, maana wengi hapa mjini wanagonga chuma mpaka kinapokutana na jiwe la volkano, wanakata kilichobaki juu, wanasema kazi imekwisha. Wakati wa radi, waya wa antena nao utolewe. Hayo yote yanaweza kufanywa na mtu aliyekaa kitini. Hayahitaji mbio.

Papa yako akikataa, usibishane. Mwombe yeye mwenyewe awe anachomoa. Mtu aliyeitazama redio yake kama maiti hawezi kukataa kazi hiyo akiiona ni yake.

Sasa tuje kwa Alima, maana hapo ndipo mnapoumia wote.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na nadhani ninyi nyumba nzima mmesikia vibaya kama wewe ulivyosikia penalti. Mzee ameunguza frigo na tele kwa siku moja. Mzee huyo anachagua siku ya kuja, anachagua siku ya mpira, anakuja kwenye nyumba ambayo tele yake iko hai. Halafu anamwona msichana anaruka kutoka uani kuilinda. Amekosa bao, ndiyo, na nadhani atalililia bao lile mpaka kaburini. Lakini anasema, "Kwetu hatuna mutu kama huyu." Binti, ni kweli hawana! Wangekuwa naye, asingekuwa anaangalia mpira kwa masikio. Na baada ya wiki kadhaa anauliza kama yule mtoto wa prizi angali pale. Aliyechukia nyumba haulizi habari za watoto wake. Naweza kukosea, simjui mzee huyo. Lakini ninyi pia hamjui, mmekisia tu, na mmechagua kisio kinachouma zaidi.

Papa yako anasema kweli, upande wa binti haufuati posa. Yeye hawezi kwenda, Mama yako hawezi, Alima ndiye hawezi kabisa. Na kule wanaona haya kurudi mahali walipoondoka kimya. Kwa hiyo mtakaa hivyo mpaka Rachid aishe mwili. Katika nyumba yenu ni mtu mmoja tu anayeweza kubisha kwa Muzee Abdoul bila kumshusha mtu heshima, naye ni yule aliyemharibia mpira. Anayekwenda kuomba radhi haendi kudai ndoa. Ni wewe. Ndiyo, wewe wa viatu.

Mwombe Papa yako ruhusa, na umwambie sababu hiyo kama nilivyoiandika, ataikubali. Nenda na shangazi yako Umi, mchana, siku isiyo ya mpira. Mchukulie mzee juisi ya tangawizi, imegandishwa vizuri, imetoka kwenye kongelateri ile ile. Shangazi atasalimia, nawe utasalimia baada yake kwa sauti ya kusikika. Usitaje mahari. Usitaje Rachid. Sema, "Baba, nisamehe kwa bao lile. Siku utakayonunua tele nyingine, nitakuja kukuonyesha namna ya kuilinda." Kisha nyamaza, kitu unachokiweza. Akikuuliza kwa nini usije kumwonyesha ukiwa shemeji wa nyumba, hilo ni lake kusema, na shangazi yako atalipeleka kwa Papa yako kabla juisi haijayeyuka.

Na hiyo habari ya kuhama ili dada yako aolewe, ifute. Alima anataka mume, hajaomba kupoteza mdogo wake. Akisema "sogea," sogea, lakini usitoke kitandani.

Mwambie dereva wa moto mapema kwamba unashukia Kituku, na mkifika, mwambie mmefika. Na kama mko njiani, wewe na shangazi, mkasikia mtaa mzima unapiga kelele "Eeeeeh!", usikimbie popote, mwanangu. Endelea kwenda kwa mzee.

Mama Domitille